Mizani na Kitabu: Habari za Maktaba na Ushirika Katika Nchi Yetu



Chama kinapotimiza miaka 10, desturi ni kuhesabu. Twahesabu magunia yaliyopita katika maghala, fedha zilizolipwa kwa wakulima, na vyama vya msingi vilivyojiunga. Hesabu hizo ni za haki, nazo ni fahari yetu sote. Walakini kuna mali nyingine ambayo haipimwi kwa kilo wala haiwekwi ghalani, nayo ni maarifa ya mwanachama mwenyewe. Wazee walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yataka kusimulia, kwa ufupi, jinsi daftari na kitabu vilivyokwenda pamoja na Ushirika tangu mwanzo. Jinsi maktaba zilivyoingia katika nchi yetu, zikasitawi na kisha zikafifia vijijini. Na kwa nini jambo hili lawahusu watu wa Sindeni, wanaolima katika nchi ya Wazigua kati ya Handeni na Korogwe.

MIZANI YA WAKULIMA WA PAMBA

Na tuanze na mizani, kwa kuwa kila mkulima aijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe walikuwa wakiuza mazao yao kwa wanunuzi wa binafsi. Mkulima alileta mzigo wake, mnunuzi akaupima, akataja uzito, akalipa. Mkulima asiyejua tarakimu hakuwa na njia ya kubisha. Alirudi nyumbani na fedha mkononi na mashaka moyoni. Basi wakulima wakashauriana, wakachagua watu wao waliojua kusoma na kuhesabu, wakawaweka kwenye magulio wauangalie upimaji kwa macho yao.

Kazi hiyo ndogo ya kusoma mizani ilizaa jambo kubwa. Kutokana na juhudi hizo, na chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vya wakulima wa pamba vilienea, hata mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation, ambalo lilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa katika Afrika. Yafaa tukumbuke kwamba mizani ile haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa upande wa mkulima alikuwa amesimama mbele yake naye ajua kuisoma.

CHUMBA CHA KUSOMEA CHA ROCHDALE

Jambo hili halikuanza kwetu peke yetu. Kila mwanaushirika amesikia jina la Rochdale, mji wa Uingereza, ambako watu 28, wafumaji na mafundi wengine, walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844 katika njia iitwayo Toad Lane. Walianza na bidhaa chache sana: siagi, sukari, unga na mishumaa. Habari hizo husimuliwa katika kila semina ya Ushirika. Lakini sehemu ya pili ya habari hizo husahauliwa mara nyingi.

Watu wale walikuwa maskini, na mji wao wakati ule haukuwa na maktaba ya umma. Kabla duka lao halijatimiza miaka 10, walikwisha fungua orofani mwake chumba cha kusomea, chenye magazeti na vitabu, ili mwanachama aliyekuja kununua unga apande juu akasome habari za dunia. Kisha katika miaka ya 1850 wakaweka kanuni kwamba katika kila faida ya chama, mbili na nusu kwa mia ziwe za elimu. Hawakungoja watajirike kwanza. Waliona kuwa chama kinachotawaliwa kwa kura za wanachama kitakuwa na akili kadiri ya akili za wapiga kura wake, wala hakiwezi kuzidi hapo.

Tangu siku hizo elimu imekuwa moja ya misingi ya Ushirika duniani. Umoja wa vyama vya ushirika wa mataifa uliitaja katika kanuni zake za mwaka 1937, na ulipozitengeneza upya huko Manchester mwaka 1995, elimu, mafunzo na habari vikawa kanuni ya tano kati ya saba.

VITABU VYA ZAMANI VYA MKOA WA TANGA

Huenda mtu akadhani kwamba kwetu vitabu ni wageni wa juzi. Sivyo. Mkoa wetu wa Tanga ni miongoni mwa sehemu zilizotangulia katika Afrika ya Mashariki kupiga chapa maneno ya Kiswahili. Huko Magila, karibu na Muheza, misheni ilikuwa na mtambo wake wa chapa, na katika miaka ya 1890 ikaanza kutoa gazeti la Habari za Mwezi. Mjini Tanga, katika shule ya serikali ya Wajerumani, lilitolewa gazeti la Kiongozi, ambalo lilisomwa na walimu na makarani wa sehemu nyingi za nchi hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Tena kuna kitabu kimoja ambacho chatuhusu kwa karibu zaidi. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa katibu wa watawala wa Usambara na baadaye liwali wa Tanga, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, tarehe ya ukoo wa Mbega, ambaye asili yake ni milima ya Ngulu. Kitabu hicho kilipigwa chapa kwanza Magila, kisha kikatolewa upya Nairobi mwaka 1962. Milima hiyo iko katika nchi iliyokuwa Wilaya ya Handeni kabla Wilaya ya Kilindi haijakatwa kutoka humo mwaka 2002. Basi habari za majirani na wazee wetu ziliandikwa kwa lugha yetu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, mshairi na mwandishi ambaye vitabu vyake vimesomwa na wanafunzi wa nchi nyingi.

Pamoja na hayo, hebu tujiulize: mkulima wa Sindeni atakaye kusoma kitabu cha Abdallah bin Hemedi leo atakikuta wapi? Maktaba ya mkoa iko Tanga mjini, nayo ni kongwe. Ilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Sita. Lakini kutoka Korogwe mpaka Tanga ni safari ya kilomita 100 hivi, na huko Korogwe kwenyewe mtu wa Sindeni hafiki pasipo nauli. Kitabu kimeandikwa kwetu, lakini hakikai kwetu.

NYUMBA ZA JAMII NA MASANDUKU YA VITABU

Wakati wa utawala wa Waingereza palikuwa na majaribio mawili ambayo yatupa funzo. La kwanza ni nyumba za jamii zilizojengwa katika miji baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa ajili ya askari waliorudi vitani. Nyumba hizo zilikuwa na chumba cha kusomea, redio, michezo na chai. Nia ilikuwa njema, lakini katika sehemu nyingi ziligeuka kuwa mabaraza ya makarani na watumishi wa serikali. Mkulima alipita nje akawaona watu wa suruali na tai wamekaa kwenye viti, akajiambia kuwa hapo si mahali pake, akaenda zake.

La pili ni kazi ya Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 chini ya mkurugenzi wake Charles Richards. Idara hiyo ilitoa vitabu vingi kwa Kiswahili na lugha nyingine, tena ikapeleka masanduku ya vitabu mahali pasipo na maktaba, na kuwaazima wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Sanduku lilikuwa maktaba inayotembea. Kasoro yake ni kwamba mwenye sanduku alikuwa mbali, naye ndiye aliyechagua yaliyomo. Msomaji alipokea, hakuulizwa.

Wakati huo huo, huko Moshi, wakulima wa kahawa waliofanya Chama Kikuu cha KNCU tangu mwaka 1933 walijenga jumba lao kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani ya jumba hilo hawakuweka ofisi na maduka tu. Waliweka pia mahali pa elimu, kwa fedha iliyotokana na kahawa yao. Huo ndio mfano uliokuwa karibu sana na ule wa Rochdale: mwenye mali ndiye mwenye nyumba ya kusomea. Wala si ajabu kwamba Chuo cha Ushirika cha nchi nzima kilianzishwa mjini Moshi mwaka 1963, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika.

BAADA YA UHURU

Serikali ya nchi huru haikukawia. Mwaka 1963 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru, Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Sheria ile ilitengenezwa upya mwaka 1975, nayo ndiyo msingi wa maktaba za mikoa na wilaya.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wazima wakaketi madarasani, mara nyingi chini ya miti na katika majengo ya shule wakati wa jioni. Vitabu vya kujifunzia vilifuata kazi ya msomaji: palikuwa na kitabu cha mkulima wa pamba, cha mkulima wa mahindi, cha mvuvi na cha mfugaji. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomeana kijitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Matunda yake yalionekana. Katika mtihani wa taifa wa mwaka 1975, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 39 katika kila 100. Mwaka 1986 walikuwa wamebaki wasiofika 10.

Ili watu wale wasisahau walichojifunza, maktaba za vijiji zilianzishwa sehemu nyingi za nchi. Mara nyingi ilikuwa ni kabati moja katika shule au katika ofisi ya kijiji, na mtunzaji wake alikuwa mwalimu au mtu aliyejitolea. Mzee aliyefuta ujinga alipata kitabu cha kusoma, na asiyejua kusoma alipata mtu wa kumsomea. Kabati lile lilikuwa kama kisima kijijini: watu walilifuata kwa haja moja, wakakutana wakapashana habari za mambo mengine.

KWA NINI ZILIFIFIA

Yatupasa kusema kweli juu ya mwisho wa maktaba hizo. Miaka ya mwisho ya 1970 na miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viligharimu fedha nyingi, karatasi ikawa adimu, na vitabu vipya havikufika tena vijijini. Vile vya zamani vilichakaa, vingine vikaliwa na mchwa, vingine viliazimwa visirudi. Mtunzaji aliyejitolea alichoka, naye hakuwa na posho wala mrithi. Kabati likafungwa, na mwisho ufunguo ukapotea.

Lakini ukiangalia sana, ukosefu wa karatasi haukuwa sababu ya pekee. Maktaba ya kijiji ilikuwa na mtoaji, haikuwa na mwenyewe. Vitabu vilitoka juu. Vilipokoma kutoka juu, hapakuwa na fungu lolote la kijiji la kununua hata gazeti moja. Kile ambacho watu wa Rochdale walikiwekea fedha kila mwaka, sisi tulikingoja kije kwa lori.

Ushirika wenyewe ulipatwa na jambo la namna hiyo. Mwaka 1966 tume maalum ya Rais ilichunguza mwenendo wa vyama vya ushirika, ikataja kasoro kadhaa: wanachama wasiojua mambo ya chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, udhaifu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na siasa. Tazameni jinsi ujinga wa wanachama ulivyowekwa pamoja na makosa makubwa kabisa. Miaka 10 baadaye, mwezi wa Mei 1976, vyama vikuu vyote vilivunjwa kwa amri ya serikali, wala havikurudi mpaka sheria ya mwaka 1982. Sababu za kuvunjwa zilikuwa nyingi, na si zote zilikuwa mikononi mwa mkulima. Hata hivyo, chama ambacho wanachama wake hawajui masharti yake wala hesabu zake hakina watu wa kukitetea siku ya shida, kwa kuwa mtu hatetei asichokijua.

HAJA YA LEO

Wengine watasema: hayo ni ya zamani, leo watoto wote wapo shuleni na kila mtu ana simu. Ni kweli kwamba simu huleta bei za soko na salamu za jamaa. Lakini simu ni ya mtu mmoja, na habari zake hupita upesi. Haimwonyeshi mwanachama daftari la chama chake. Tena mambo ambayo mkulima hutakiwa kuyasoma yameongezeka kuliko zamani. Tangu sheria ya stakabadhi za maghala ya mwaka 2005, sehemu nyingi mazao huuzwa kwa karatasi: mkulima huacha mzigo ghalani, akapewa stakabadhi, na fedha ikaja baadaye baada ya makato. Katika karatasi hiyo mna uzito, daraja la zao na jina la ghala. Asiyeweza kuisoma yuko pale pale alipokuwa mkulima wa pamba mwaka 1950, ila leo anayempimia ni chama chake mwenyewe. Hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtu hamshuku ndugu yake.

Wengine watasema kwamba njaa haingoji, na vitabu haviliwi. Nao tuwajibu kwa heshima: mizani nayo hailiwi, lakini bila mizani chakula huliwa na mwingine.

Basi maktaba inayotufaa Sindeni si jumba la fahari. Chumba kimoja kando ya ghala la chama kinatosha kuanza, kiwe mahali ambapo mkulima hufika kwa shughuli zake za kila msimu, asihitaji kuvaa viatu vipya ili aingie. Ukutani kibandikwe bei na makato ya msimu kwa maandishi makubwa. Mezani pawepo masharti ya chama, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na hesabu zilizokaguliwa, ili kila mwanachama azione kabla ya mkutano mkuu wala asingoje kusomewa haraka haraka siku yenyewe. Kabatini viwepo vitabu vya kilimo cha mahindi, muhogo na mkonge, vya afya ya mama na mtoto, pamoja na Habari za Wakilindi na vitabu vya Shaaban Robert. Jioni taa iwake kwa ajili ya wanafunzi ambao kwao hakuna nafasi wala utulivu wa kusoma. Na siku moja katika juma iwe ya kusomeana, ili bibi asiyejua herufi akae na mjukuu wake amsomee gazeti, naye bibi amsimulie mjukuu mambo ambayo hayajaandikwa katika gazeti lolote.

Historia tuliyoisimulia yatupa kanuni tatu. Ya kwanza, mwenye maktaba awe chama chenyewe, nayo isimamiwe na halmashauri yenye wakulima, wanawake na mwalimu, wasije makarani peke yao wakaifanya baraza lao. Ya pili, mtunzaji apewe posho na daftari la kuazima, kwa sababu kazi isiyo na malipo wala hesabu haidumu. Ya tatu, fungu lake lipitishwe na mkutano mkuu kila mwaka. Tukifuata kipimo cha Rochdale, katika kila shilingi 1,000,000 za faida, shilingi 25,000 zitakuwa za elimu. Mwaka wa faida ndogo fungu litakuwa dogo, na vitabu vitakuwa vichache. Lakini ufunguo hautapotea, maana utakuwa na mwenyewe. Bodi ya Huduma za Maktaba na wahisani wengine wakija kutusaidia, watakuta nyumba iliyokwisha simama.

Kumbukumbu ya miaka 10 hupita kwa siku moja ya ngoma na hotuba. Mkutano mkuu ujao utakuja na agenda zake: ununuzi wa mazao, mikopo, ukarabati wa maghala. Na iongezwe agenda moja, nayo ijadiliwe na kupigiwa kura kama nyingine zote: fungu la maktaba ya chama. Wale wakulima wa pamba walimweka mtu wao mbele ya mizani. Sisi nasi tuiwekee mizani ya chama chetu watu wa kuisoma, na watu hao wawe wanachama wote.